NG'OMBE WA CHUMA WA KARAGWE: NYUMBA YA HAZINA YA MFALME NA MAFUNDI AMBAO HAKUNA ALIYEWAULIZA MAJINA

Kuna kesi moja ya Karagwe imekaa zaidi ya miaka 160 bila wenye nayo kusikilizwa. Siyo kesi ya mapenzi wala ya pesa za watu. Ni kesi ya kazi ya mikono. Mafundi walitengeneza mzigo wa maana, akaja mgeni, akauona, halafu akaandika kwenye kitabu kwamba kazi hiyo ilifanywa na watu wengine kabisa. Kitabu kikasomwa huko duniani. Mafundi wakabaki bila jina, bila sura, bila hata sentensi moja ya kujitetea.

Mzigo wenyewe ni ng'ombe. Ng'ombe wadogo wa chuma, wa kushika mkononi, waliokuwa wanakaa ndani ya nyumba ya mfalme pamoja na mikuki na ngoma.

Kabla ya kufika huko, tuanzie kwa vijana wa siku hizi wanaocheza na vijumba.

VITA KWENYE KIPANDE CHA UBAO

Mitandaoni siku hizi kuna watu wanajenga kitu kinaitwa diorama. Mtu anachukua kipande cha ubao, anakipiga udongo, anapanda nyasi za bandia, anajenga kijumba kidogo chenye kila kitu: mlango, dirisha, tundu la risasi ukutani, ndoo imeanguka uani. Halafu anaweka kifaru na vijisanamu vya askari. Ukipiga picha kwa karibu unaweza kudhani ni tukio la kweli.

Neno diorama lenyewe ni la kitambo. Mwaka 1822 jamaa mmoja wa Paris, Louis Daguerre, alifungua ukumbi wenye jina hilo. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kwenda kuangalia picha kubwa mno zinazobadilika kwa kuchezewa mwanga. Sinema ilikuwa bado kabisa. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells akatoa kitabu kinachoitwa Little Wars, kinachowafundisha watu wazima kupigana vita sebuleni kwa askari wadogo wa kuchezea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani ikatoa kifaru cha plastiki chenye mota ndani. Ukubwa wake ulipangwa ili betri na mota vienee, ikatoka skeli ya 1 kwa 35. Yaani skeli inayotumika leo na mafundi wa vita vidogo karibu dunia nzima ilianzia kwenye betri. Dunia ina vituko.

Kwenye skeli hiyo, mtu wa sentimita 175 anakuwa na urefu wa sentimita 5. Nyumba ya mita 9 inakuwa sentimita 26 hivi. Kumbuka hiyo namba ya mita 9, itarudi.

Sasa wengi wakisikia habari hizi wanaona ni mambo ya Wazungu na Wajapani wenye pesa za kuchezea. Kumbe Bweranyange, ndani ya Karagwe, miaka ya 1800 tayari kulikuwa na nyumba ya duara imejaa silaha za kweli na wanyama wadogo wa chuma na shaba. Na haikuwa mchezo.

RUMANYIKA NI NANI

Karagwe ya zamani ilikuwa kubwa kuliko wilaya ya leo. Ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda, na Kyerwa nzima ilikuwa ndani yake. Hata kiserikali Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe, imekuja kugawanywa mwaka 2012 tu. Kwa hiyo ukizungumzia ufalme, watu wa Kayanga na watu wa Murongo wote ni wa nyumba moja.

Mfalme alikuwa anaitwa Omukama. Katikati ya karne ya 19 kiti kilikuwa cha Ndagara. Alipofariki, vijana wake wakagombea. Simulizi aliyoikuta mpelelezi John Hanning Speke inasema wana watatu wa mfalme waliwekewa ngoma ndogo mbele yao, waambiwe waiinue. Ngoma yenyewe nyepesi, lakini ilikuwa imetiwa dawa. Wawili wakahangaika, haikusogea. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Hiyo ni simulizi ya ikulu, na ikulu yoyote ina namna yake ya kueleza jinsi bosi alivyoshinda. Kwenye uwanja mambo yalikuwa magumu zaidi. Ndugu yake, Rogero, hakukubali, vikapigwa vita. Rumanyika alisaidiwa na Musa Mzuri, tajiri wa biashara ya pembe za ndovu mwenye maskani Tabora, na jeshi la Buganda likaingizwa kwenye ugomvi. Kwa hiyo Rumanyika alikaa kwenye kiti kile akijua vizuri kwamba kinaweza kupinduka. Mtu wa hivyo akijaza nyumba silaha, unamwelewa.

Wageni waliomwandika walimsifu kwa upole na ukarimu. Alikuwa mrefu, mtulivu, mpenda maswali. Siyo mfalme wa kukata watu vichwa kila asubuhi kama wengine wa enzi zile.

SPEKE ANAINGIA NA FUTI YAKE

Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Rumanyika Novemba 1861, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walipokelewa vizuri. Ziwa dogo lililo chini ya makao ya mfalme likamkumbusha Speke kwao, akalibandika jina la Kiingereza, Little Windermere, kana kwamba wenyeji walikuwa wanasubiri mtu wa kuwapa jina. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe hadi Aprili 1862. Speke aliondoka Januari kuelekea Buganda.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Kitu kilichotrendi kutoka humo, na ambacho watu wanakisimulia hadi leo, ni wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa. Speke hakuishia kushangaa, alitoa kipimo akampima shemeji wa mfalme mkono, kifua, paja na ndama ya mguu, akaandika namba zote moja baada ya nyingine. Namba zipo. Jina la yule mama halipo.

Sasa shika hilo, kwa sababu ndiyo tabia iliyoendelea kwenye ng'ombe.

Ndani ya nyumba ya mfalme Speke aliona vitu vya shaba na ng'ombe wadogo wa chuma. Maelezo aliyoyaweka ni mafupi mno: ng'ombe hao walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro kwa ajili ya kumfurahisha mfalme. Basi. Akapita.

Kafuro ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa kutoka pwani, jirani na makao ya mfalme. Kwa hiyo kwa Speke hesabu ilikuwa rahisi: kitu kizuri kimeonekana, Waarabu wako jirani, basi wamekitengeneza wao. Na kwa kuwa ni kidogo, basi ni cha kuchezea.

STANLEY ANAFUNGUA MLANGO WA HAZINA

Miaka 15 baadaye, mwanzoni mwa 1876, akafika Henry Morton Stanley. Huyu alikuwa mwandishi wa magazeti, mtu wa kupenda habari, na alichofanya ni kuingia ndani na kuhesabu. Kitabu chake cha 1878 kina mchoro wa nyumba ya hazina pamoja na silaha na vitu vya thamani vya Rumanyika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya duara, imeezekwa nyasi, upana wake kama futi 30. Hiyo ndiyo mita 9.

Ndani Stanley alikuta bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu. Akakuta wanyama 10 ambao kwa macho yake walikuwa ni pofu. Akakuta ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Kulikuwa na mundu za chuma ambazo mwenyewe alikiri zimetengenezwa vizuri, mikuki yenye bapa mbili, mikuki ambayo mipini yake ilikuwa ya minyororo, na bapa kubwa za kutisha zenye upana wa inchi 8 na urefu wa inchi 18, makali yake kama wembe. Kulikuwa na ngoma kubwa. Na kwenye kundi hilohilo kulikuwa na bunduki yenye silinda inayozunguka, zawadi ya Speke.

Hebu piga picha hiyo. Nyumba moja, upande huu bata na ng'ombe wadogo, upande ule mikuki na bunduki ya kisasa ya wakati ule. Ni ghala la silaha, ni makumbusho, na ni mahali pa heshima, vyote kwa pamoja. Wapenzi wa diorama wangesema eneo limepangwa. Tofauti ni kwamba hapa waliopanga hawakuwa wanaiga vita vya mtu mwingine. Walikuwa wanaonyesha utawala wao wenyewe: huyu ana ng'ombe, ana chuma, ana ngoma, ana marafiki wa mbali. Ukitaka kumpindua, jifikirie.

KWA NINI NG'OMBE, NA KWA NINI CHUMA

Karagwe bila ng'ombe haieleweki. Ng'ombe wa pembe ndefu ndiye alikuwa mahari, ndiye fidia, ndiye zawadi ya mfalme kwa mtu wake. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa na watu wengi.

Chuma nacho kilikuwa na uzito wake. Jembe linalolima ni chuma, mkuki unaolinda ni chuma. Mtu anayechukua jiwe la udongo mwekundu akaligeuza kuwa jembe alionekana ana uwezo wa kuzaa kitu kutoka kusikokuwa na kitu. Ndiyo maana kwenye falme za Maziwa Makuu mfalme na uhunzi vilitembea pamoja. Nchi jirani ya Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbwa na watafiti, lilikutwa na fuawe za mhunzi chini ya kichwa chake. Mfalme alilazwa juu ya chuma kama mto.

Kwa hiyo ng'ombe wa chuma ni nguvu mbili zimeunganishwa kwenye kitu kimoja. Utajiri wa mfugaji na uwezo wa mhunzi, vyote vimekaa kwenye kiganja cha Omukama. Ukisema hiyo ni ya kumfurahisha mfalme tu, ni sawa na kusema nembo ya taifa ni mapambo ya ukutani.

Sasa turudi kwenye swali la nani aliyetengeneza.

Upande wa Speke una hoja moja ambayo lazima ipewe haki yake. Shaba haikuwa ikichimbwa Karagwe. Iliingia na misafara, mara nyingi kama masango, zile nyaya nene zilizotumika kama pesa njiani. Wafanyabiashara wa pwani walikuwepo Kafuro kweli, na si ajabu baadhi ya vitu vilipitia mikononi mwao. Lakini malighafi kutoka mbali haimaanishi kwamba fundi naye katoka mbali. Kitambaa cha kitenge kinatoka kiwandani China, ila mshono ni wa fundi wa Kayanga, na kila mtu anajua nguo ni ya nani.

Upande wa pili una ushahidi wa ardhini. Miaka ya 1990 waakiolojia walichimba Bweranyange, kwenye eneo la makao ya wafalme, wakakuta mabaki ya kazi ya chuma. Maana yake chuma kilikuwa kinafanyiwa kazi hapohapo ikulu, siyo kwa wageni tu.

Na ujuzi wenyewe ulikuwepo Kagera kabla misafara ya pwani haijawaza kufika. Pembeni ya Ziwa Victoria, huko Kemondo, tanuru za kuyeyushia chuma zimepimwa umri zikaonekana ni za miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mtafiti Peter Schmidt, kwenye miaka ya 1970, aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama walivyofanya ujanani. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi kwa sababu majembe ya dukani yaliiua. Wazee wakachimba shimo, wakachoma majani ya kinamasi ndani yake, wakajenga tanuru kwa udongo, wakaingiza mabomba ya udongo hadi ndani kabisa ya moto, wakavukuta. Kwa kuwa mabomba yalipita kwenye moto, hewa ilifika ikiwa imeshapata joto. Kilichotoka kilikuwa na sifa za chuma cha pua, chuma kigumu kabisa. Makala yao ilichapishwa kwenye jarida la Science Septemba 1978, Schmidt akiwa na Donald Avery.

Majina ya wasomi wawili yapo juu ya makala. Wazee waliovukuta walikuwa wengi zaidi ya wawili, na dunia nzima inawafahamu kwa jina moja tu la jumla: wazee wa Kihaya. Ile tabia ya Speke haikuwa imeisha.

MWEZI MMOJA BAADAYE

Angalia tarehe. Septemba 1978 dunia inasoma kwamba watu wa Kagera ni mabingwa wa chuma tangu kale. Oktoba 1978 chuma cha aina nyingine kinaingia Kagera: vifaru vya Idi Amin.

Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hadi leo watu wanaikariri. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Ukipanda basi kutoka Bukoba kwenda Karagwe unapita Kyaka hapohapo, na wengi wanapita wakiwa kwenye simu.

Watu walikimbilia kusini ya mto na walichoweza kubeba. Waliobaki nyuma, wengi waliuawa au walichukuliwa. Nyumba ziliporwa mabati, milango na madirisha, mifugo ikaswagwa kuvushwa mpaka. Januari 1979 Jeshi la Wananchi liliiteka Mutukula, na majengo ya pale yakasawazishwa kwa matingatinga. Februari ikawa zamu ya Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Askari wetu waliofia vita hiyo wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba.

Wajenzi wa diorama wakiamua kugusa vita ya Kagera wanakimbilia vifaru: Sherman ya jeshi la Amin, au mizinga ya roketi ambayo Waganda waliibandika jina la saba saba. Kifaru kinauza, hilo halina ubishi. Lakini ukiwauliza waliokimbia mwaka ule walipoteza nini, hawatajibu kifaru. Watajibu nyumba. Watakwambia mlango ulikuwa upande gani, mgomba gani ulikuwa nyuma ya jiko, ng'ombe walilala wapi. Kijumba kinachoonekana ni pambo la nyuma ya kifaru, kwao ndicho habari yenyewe.

KIJUMBA CHA BWERANYANGE KWENYE UBAO

Kwa hiyo mtu akitaka kujenga diorama ya kijeshi ya Karagwe, asianze na kifaru. Aanze na nyumba ya hazina. Vipimo tunavyo, na vifaa viko shambani.

Upana wa mita 9 kwa skeli ya 1 kwa 35 ni duara la sentimita 26. Ni kama sinia la pilau la watu watatu. Chora duara hilo kwenye ubao, toboa matundu kuzunguka, simika fito. Kwa ukubwa huu fito nzuri ni vijiti vya fagio la chelewa, vinapinda bila kuvunjika. Vikutanishe juu, funga kwa uzi wa mgomba uliochanwa mwembamba. Halafu zungusha pete za vijiti kuanzia chini kwenda juu, kila moja ndogo kuliko ya chini yake. Hii ndiyo siri ya msonge wote wa Kagera: pete ndizo zinazoshika nyumba, siyo ukuta. Paa na ukuta ni kitu kimoja kinachoshuka hadi chini.

Nyasi za kuezekea zichambuliwe, zitumike zile nyembamba kabisa, kwa sababu unyasi wa kawaida kwenye skeli hii unaonekana kama gogo. Anza kuezeka chini, panda juu, kila safu iilalie ya chini yake. Ukianza juu, maji yangeingia, na anayejua nyumba ataona mara moja kwamba fundi hajui. Acha mlango wenye kiukingo kidogo mbele. Kwa ndani gawa vyumba kwa mabua yaliyochanwa, na sakafu itandazwe nyasi, kama nyumba za Kihaya zinavyotandazwa.

Asiyewahi kuona msonge kwa macho, na yuko Dar, ashuke kituo cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo. Kijiji cha Makumbusho kipo pale tangu miaka ya 1960 na nyumba ya Kihaya imejengwa kwa ukubwa wake halisi. Ingia ndani, inua macho, hesabu pete.

Kisha vitu vya ndani. Zile bapa za inchi 18 zinakuwa milimita 13 kwa urefu na 6 kwa upana, kopo la soda likikatwa kwa mkasi linatosha. Minyororo ya mikuki itoke kwenye cheni mbovu ya shingoni. Bata na ng'ombe watoke kwenye nyaya za umeme, shaba nyekundu halisi, ukizimenya plastiki. Hapo ndipo jasho litakutoka. Ng'ombe halisi wa pembe ndefu kwenye skeli hii ana kama sentimita 4 begani, na pembe yake ya mita 1 inakuwa karibu sentimita 3. Lakini yule ng'ombe wa hazina tayari alikuwa mdogo, kwa hiyo unatengeneza kidogo cha kidogo. Anakuwa punje. Vidole vinauma, macho yanachoka, unamharibu wa kwanza, wa pili, wa tano.

Na ukifika wa tano ndipo unapoelewa kitu ambacho Speke hakukielewa akiwa amekaa kwenye kiti. Chuma cha moto hakikusubiri. Kupinda pembe mbili zifanane, kutoa miguu minne kwenye kipande kimoja bila kukikata, kwa nyundo na mvukuto tu, siyo kazi ya kupoteza muda jioni. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa.

MTU WA MLANGONI

Rumanyika alifariki miaka michache baada ya Stanley kuondoka. Ikafuata vurugu ya kugombea kiti. Miaka ya 1890 ikaja sotoka, ng'ombe wakafa kwa maelfu Afrika Mashariki yote, na Karagwe haikusalimika. Kisha Wajerumani wakashika nchi. Utajiri uliokuwa ukitembea kwa miguu minne ukaisha. Ng'ombe wa chuma hawafi kwa sotoka, na baadhi ya vitu vya hazina ile vilidumu hadi karne ya 20, watafiti wakaviona na kuviandika.

Leo jina la mfalme lipo salama. Mwaka 2019 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, sambamba na Ibanda-Kyerwa. Majina ya Speke na Stanley yapo kwenye vitabu vya shule. Jina la mhunzi hakuna. Jina la yule mama aliyepimwa hakuna. Majina ya wazee waliovukuta tanuru mbele ya kamera miaka ya 1970, vijana wangapi wa Kagera wanaweza kutaja hata moja?

Kwa hiyo diorama ya Bweranyange isikamilike bila kijisanamu kimoja zaidi. Wote watamtafuta mfalme, na ni sawa, awekwe, ni mrefu, mwongezee milimita kadhaa. Lakini nje kidogo ya mlango, karibu na moto, akae mtu wa sentimita 5 ameshika nyundo. Mbele yake kuna punje ya shaba ambayo bado haijawa ng'ombe. Chini yake kwenye ubao pabandikwe kibao: FUNDI. JINA HALIKUANDIKWA.

Na kabla ya hapo, kuna kazi rahisi kuliko kuezeka nyasi za milimita. Karagwe na Kyerwa bado kuna familia ambazo babu au babu wa babu alikuwa mhunzi, na kuna bibi anayekumbuka alikuwa anaitwa nani na nyundo yake ilienda wapi. Wikiendi hii piga simu kijijini. Salimia kwanza, usikimbilie swali. Halafu uliza jina, uliandike.

Mwenye jina alishushe hapo chini kwenye maoni: ukoo, kijiji, na alichokuwa anatengeneza. Miaka 160 inatosha.